Sukari inayoshuka tena na tena: uchambuzi wa kisa cha mapitio ya dawa wodini

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 76, uzito kilo 52. Ana shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi, magoti yanamsumbua, na usiku nyayo humwaka moto. Aliletwa hospitali saa 5 usiku akitokwa na jasho, anaongea maneno yasiyoshikana, hamtambui binti yake. Sukari ilikuwa milimoli 2.1 kwa lita. Akapewa glukosi ya mshipa, na baada ya dakika chache akafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Saa 9 usiku sukari ikasoma 2.6. Akapewa tena. Alfajiri ikasoma 2.9.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia wodini. Si faili la mtu mmoja.

Chati ya dawa iliyofunguliwa usiku ule ilibeba agizo ambalo kila mfamasia wa wodini analifahamu: "aendelee na dawa za nyumbani". Chini yake zilinakiliwa dawa 8 kutoka kwenye barua ya rufaa: enalaprili mg 10 mara mbili na amlodipini mg 10 za presha, furosemaidi mg 40 ya kukojoza, glibenklamaidi mg 5 mara mbili na metformini gramu 1 mara mbili za kisukari, amitriptilini mg 25 usiku ya nyayo zinazowaka, aspirini mg 75 na omeprazoli mg 20. Hospitali ikaongeza 2: seftriaksoni gramu 1 kwa siku kwa kuhofia maambukizi ya mkojo, na enoksaparini mg 40 ya kuzuia damu kuganda kwa sababu mgonjwa hatembei.

Simlaumu daktari wa zamu. Saa 5 usiku, mgonjwa hajitambui, kazi ni kumrudishia sukari na kuhakikisha anapumua. Lakini agizo lile lilimaanisha kwamba saa 1 asubuhi glibenklamaidi, dawa ileile inayoshusha sukari, ingetolewa kwa ratiba. Aliyeizuia ni muuguzi wa asubuhi. Alikuwa na kidonge kwenye trei, akatazama vipimo vya usiku, akakirudisha na kumpigia simu mfamasia.

Mfuko wa dawa

Barua ya rufaa inaeleza kile ambacho kliniki iliandika. Kile ambacho mgonjwa anameza ni habari nyingine, na habari hiyo mara nyingi iko kwenye mfuko alionao ndugu. Binti aliufungua juu ya kitanda, mfamasia akauliza.

"Dada, hivi vya maumivu bibi anameza vingapi?"

"Kimoja mara tatu, daktari. Hivyo si vya kliniki, tulinunua wenyewe magoti yalipomzidi."

"Tangu lini?"

"Kama siku kumi hivi. Na hivi vyeupe vikubwa ni vya mkojo. Alikuwa anakwenda chooni kila saa, wakasema ni yutiai. Leo ni siku ya sita."

Vya kwanza vilikuwa diklofenaki mg 50. Vya pili kotrimoksazoli mg 960, mara mbili kwa siku. Dawa zikawa 12, na hizo 2 ambazo hazikuwa kwenye karatasi yoyote ndizo zilizofungua kisa.

Mfamasia alihesabu pia vidonge vilivyobaki kwenye pakiti za glibenklamaidi na metformini na kulinganisha na tarehe ya kuchukuliwa. Hesabu ilikwenda sawa kabisa. Bibi hakosi dawa. Binti alieleza kwamba kwa siku tatu zilizopita mama yake hakuwa na hamu ya kula, alikuwa anaonja tu na kusukuma sahani, lakini dawa alizimeza zote kwa sababu kliniki walimsisitiza asiache hata siku moja. Tumezoea kuuliza kama mgonjwa anaruka dozi. Huyu angepata nafuu kama angeziruka.

Tarehe

Ukiisoma orodha ya dawa kutoka juu hadi chini, hupati kosa. Kila dawa ina sababu yake. Ukiiandika upya kwa tarehe za kuanza, inabadilika kuwa hadithi nyingine.

Enalaprili, metformini na glibenklamaidi ni za miaka mingi. Miezi 2 iliyopita presha ilikuwa juu, amlodipini ikapandishwa kutoka mg 5 hadi mg 10. Wiki chache baadaye vifundo vya miguu vikavimba. Wiki 5 kabla ya kulazwa akaongezewa furosemaidi ili "kupunguza maji". Siku 10 kabla, magoti yakamzidi, diklofenaki. Siku 6 kabla, safari za chooni, kotrimoksazoli. Siku 3 kabla, chakula kikamshinda. Halafu usiku ule.

Miguu kuvimba ni tokeo linalojulikana la amlodipini, na hutokea zaidi dozi inapokuwa mg 10. Dawa hulegeza mishipa midogo inayoingiza damu kwenye tishu kuliko ile inayoitoa, shinikizo ndani ya kapilari linapanda, na majimaji yanavujia nje. Mwili haujajaza maji. Ndiyo maana furosemaidi haisaidii sana uvimbe wa aina hii: humkausha mgonjwa na kumpeleka chooni, na vifundo vinabaki vile vile. Bibi huyu hakuwa na dalili ya moyo kushindwa kazi; mapafu yalikuwa safi, mishipa ya shingo haikutuna, na alilala chali bila kuhema.

Mwenendo huu wa kutibu athari ya dawa kwa dawa nyingine kana kwamba ni ugonjwa mpya ulielezwa vizuri na Rochon na Gurwitz katika jarida la BMJ mwaka 1997. Hapa ulipiga hatua nne: amlodipini ikaleta uvimbe, uvimbe ukaleta furosemaidi, furosemaidi ikaleta safari za chooni, safari zikaitwa maambukizi na kuleta kotrimoksazoli. Je, tuna hakika hapakuwa na maambukizi? Hatuwezi kuapa. Mkojo uliopimwa wodini haukuwa na nitraiti wala seli nyeupe, lakini ulipimwa baada ya siku 6 za antibiotiki. Kinachotia shaka ni kwamba safari zile zilianza baada ya furosemaidi, zilikuwa nyingi zaidi asubuhi baada ya kumeza kidonge, na hapakuwa na maumivu wala homa.

Palikuwa na mshukiwa mwingine wa mkojo, na ilikuwa haki kumchunguza. Amitriptilini inaweza kuzuia kibofu kisijimwage vizuri, na mzee mwenye kibofu kilichojaa hukojoa kidogo kidogo mara nyingi. Kibofu kilipimwa kwa ultrasaundi mara baada ya kukojoa, yakakutwa mabaki ya mililita 60 tu. Amitriptilini ikafutiwa shtaka hilo.

Figo

Kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, asubuhi ilikuwa maikromoli 212 kwa lita. Miezi 3 iliyopita ilikuwa 88. Imepanda karibu mara 2.4, na kwa vigezo vya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, vya mwaka 2012 hilo ni jeraha la ghafla la figo, daraja la 2. Presha ilikuwa 98 kwa 56.

Sababu haikuwa ngumu kuiona baada ya kuziweka tarehe mezani. Figo yenye damu kidogo hujitetea kwa njia mbili: hupanua mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio kwa msaada wa prostaglandini, na hubana mshipa unaoitoa kwa msaada wa anjiotensini. Diklofenaki iliondoa njia ya kwanza. Enalaprili iliondoa ya pili. Furosemaidi, pamoja na siku tatu za kutokula wala kunywa vya kutosha, ilipunguza damu yenyewe. Muungano huu wa dawa tatu unafahamika kwa wafamasia wote, na bado unapita kila siku, kwa sababu mara nyingi ya tatu hainunuliwi mahali zilipoandikwa mbili za kwanza. Kotrimoksazoli nayo ina mchango mdogo wa kutatiza hesabu: trimetoprimu iliyomo ndani yake huzuia mirija ya figo isitoe kreatinini, hivyo namba hupanda kiasi hata kama uchujaji haujashuka. Kiasi, narudia. Haiwezi peke yake kuipeleka 88 hadi 212.

Sasa hesabu ya dozi. Kwa fomula ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, mwanamke wa miaka 76, kilo 52, kreatinini 212, anapata uchujaji wa mililita 16 kwa dakika. Hata hiyo ni ya kumfurahisha mtu, kwa sababu fomula inadhani kreatinini imetulia, na ya huyu ilikuwa bado inapanda. Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni namba ya zamani. Kwa kreatinini 88, ambayo maabara huichapa bila alama ya onyo, fomula hiyo hiyo inatoa 39. Hesabu ya kisasa ya CKD-EPI, inayolinganisha watu wote kwa eneo moja la ngozi, inatoa kama 58. Zote mbili ni halali kwa kazi zake. Kwa mzee mwembamba, hata hivyo, ile ya kwanza ndiyo inayokukumbusha kwamba akiba ya figo ilikuwa ndogo kabla ya haya yote, na kwamba "kreatinini ya kawaida" kwa mwili wenye misuli michache si habari njema kama inavyoonekana.

Sukari

Glibenklamaidi huvunjwa na ini, lakini mazao yake bado yanashusha sukari, na karibu nusu yake hutolewa na figo. Figo zikilala, dawa inakaa. Juu ya hapo kotrimoksazoli hupunguza kasi ya ini kuivunja. Na chakula hakikuwepo. Mambo matatu yakielekea upande mmoja, sukari ya 2.1 haina muujiza wowote.

Swali la vitendo lilikuwa kwa nini inashuka tena baada ya kila sindano ya glukosi. Dawa za kundi la sulfonailurea, ambamo glibenklamaidi imo, huibana kongosho itoe insulini. Ukimpa mgonjwa glukosi nyingi kwa mkupuo, kongosho ambayo tayari imechokozwa inaitikia kwa insulini zaidi, na baada ya saa moja au mbili unarudi ulipoanza. Kinachotakiwa ni glukosi ya asilimia 10 inayotiririka polepole bila kukatika, kupima sukari kila saa, na oktreotaidi maikrogramu 50 chini ya ngozi kila saa 6 hadi 8 kama ipo, kwa kuwa yenyewe huzuia kongosho kutoa insulini. Ilikuwepo. Alipewa dozi 3 na sukari haikushuka chini ya 5 tena. Kosa la kawaida zaidi ni kumruhusu mgonjwa kama huyu kurudi nyumbani asubuhi kwa sababu "ameamka". Mwenye figo mbovu aliyemeza glibenklamaidi anahitaji kuangaliwa kwa saa 24 hadi 72.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, ilirudi ikiwa asilimia 6.4. Kwenye kliniki nyingi hiyo ingepata pongezi. Kwa mzee wa miaka 76 aliye dhaifu na anayemeza glibenklamaidi, mimi naisoma kama onyo. Miongozo ya Chama cha Kisukari cha Marekani inaridhika na chini ya 8 kwa wazee wenye matatizo mengi ya afya. Binti alipoulizwa, alisema miezi ya karibuni mama yake amekuwa akiamka usiku akiwa amelowa jasho. Walidhani ni joto. Glibenklamaidi imo kwenye vigezo vya Beers, vilivyoanza mwaka 1991, na dawa za kundi lake zinazokaa mwilini muda mrefu zimo kwenye vigezo vya STOPP vya mwaka 2008, kama dawa za kuepukwa kwa wazee. Uamuzi ulikuwa rahisi: isitishwe moja kwa moja, isirudi.

Potasiamu, na mabishano kidogo

Potasiamu ilikuwa juu, 6.1. Enalaprili huibakiza mwilini, diklofenaki vilevile, figo zimepungua, na trimetoprimu hufunga milango ya sodiamu kwenye mirija ya figo kama inavyofanya amiloridi, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2010, uliwaangalia wazee wanaotumia dawa za jamii ya enalaprili au losatani. Waliopewa kotrimoksazoli walilazwa kwa potasiamu kupanda karibu mara 7 zaidi ya waliopewa amoksilini. Kama kuna muungano mmoja wa dawa ambao ningependa kila anayeandika cheti aukumbuke, ni huu.

Daktari alikuwa ameshaandika insulini uniti 10 na glukosi gramu 25, tiba ya kawaida ya kusukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Mfamasia akaomba isubiri. Insulini kwa mtu ambaye sukari yake imeanguka mara tatu usiku mmoja, mwenye figo zinazochelewa kuiondoa insulini yenyewe? Daktari naye alikuwa na hoja: potasiamu huua ghafla, na sukari tunaweza kuipima kila dakika 30. Wote wawili walikuwa sahihi. Kilichoamua ni kipimo cha umeme wa moyo, ambacho kilikuwa safi, na 6.1 si 6.8. Walikubaliana kuanza na salbutamoli mg 10 ya kuvuta kwa nebulaiza, maji ya mshipa, na kuondoa kila dawa inayopandisha potasiamu, kisha kupima tena baada ya saa 2. Insulini ibaki mezani. Ikihitajika, ifuatiwe na glukosi ya asilimia 10 kwa saa 5, kama miongozo ya Uingereza inavyotaka kwa mgonjwa aliyeanza na sukari chini ya 7. Baada ya saa 2 potasiamu ilikuwa 5.7. Jioni 5.2. Insulini haikuhitajika.

Zilizobaki

Metformini ilisimamishwa kwa hofu ya asidi ya laktiki kujaa kwenye damu, kwani hairuhusiwi uchujaji ukiwa chini ya 30. Enoksaparini mg 40 hutolewa na figo na kwa uchujaji wa 16 ingerundikana, kwa hiyo ikabadilishwa kuwa heparini ya kawaida uniti 5,000 chini ya ngozi kila saa 12. Seftriaksoni haihitaji kupunguzwa kwa figo peke yake. Iliachwa hadi majibu ya kuotesha mkojo, hakuna kilichoota, ikasimamishwa baada ya saa 48.

Aspirini ilinifanya nisite kidogo. Bibi hajawahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo. Alipewa miaka iliyopita "kwa sababu ana kisukari". Utafiti wa ASPREE wa mwaka 2018 uliwafuatilia wazee wenye afya, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, na haukuona aspirini ikiwaongezea maisha bila ulemavu, ila iliongeza kuvuja damu. Ikaachwa. Omeprazoli ilikuwa mlinzi wa tumbo dhidi ya aspirini. Adui akiondoka, mlinzi hana kazi, ila binti alielezwa kwamba kiungulia kinaweza kujitokeza kwa wiki kadhaa baada ya kuiacha na kwamba hiyo peke yake si sababu ya kuirudisha.

Kuhusu amitriptilini, mfamasia alipendekeza iachwe: mzee, kuchanganyikiwa, hatari ya kuanguka. Bibi, ambaye sasa alikuwa amekaa kitandani na akili zake zote, alisikia.

"Hiyo ndiyo inayonilaza, mwanangu. Mkiichukua, miguu itaniwakia usiku kucha."

Ikapunguzwa hadi mg 10. Sioni kama ni kushindwa. Mapitio ya dawa yanayofuta kila kitu siku moja huleta mgonjwa asiyeamini tena chochote unachomwambia, na hapo hujui ni kipi kilimsaidia na kipi kilimdhuru.

Kuruhusiwa

Siku ya 6 kreatinini ilikuwa 118, potasiamu 4.5, sukari ya asubuhi 7.8 bila dawa yoyote ya kisukari, presha 146 kwa 80. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mapitio mengi mazuri huharibika. Dawa husimamishwa wodini kwa sababu nzuri, barua ya kuruhusiwa inaandikwa haraka, na kliniki ya kwanza inayofuata inazirudisha zote kwa sababu cheti cha zamani ndicho kilichomo kwenye kadi. Au kinyume chake: enalaprili haikumbukwi tena, na mgonjwa wa kisukari anakosa dawa inayolinda figo zake.

Barua ya bibi huyu iliandikwa kwa kila dawa: inaendelea, imebadilika, au imeachwa, kwa sababu gani, nani ataiangalia tena na lini. Amlodipini imerudi kwa mg 5, tayari inamezwa. Furosemaidi imeachwa, uvimbe mdogo wa vifundo jioni usitibiwe kwa dawa. Metformini irudi kwa mg 500 mara mbili, baada ya wiki 1, ikiwa hesabu ya uchujaji ya maabara imevuka 45. Enalaprili irudi kwa mg 5 mara moja kwa siku kreatinini ikitulia, kisha kreatinini na potasiamu zipimwe ndani ya wiki 1 hadi 2. Maumivu ya magoti: parasetamoli gramu 1 hadi mara tatu kwa siku. Glibenklamaidi, diklofenaki na kotrimoksazoli ziliandikwa kwa herufi kubwa, na binti alikubali pakiti zilizobaki zibaki famasi ya hospitali ziharibiwe. Aliambiwa pia kwamba mama yake akitapika, akiharisha au akishindwa kula, metformini na enalaprili zisubiri hadi atakapokula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili.

Wiki 1 baadaye kreatinini ilikuwa 97, ambayo kwa hesabu ya maabara ni uchujaji wa 52, na metformini ikaanza. Daktari wa kliniki hakukubaliana na enalaprili kurudi mapema hivyo, akataka wiki 4. Mfamasia alihofia kwamba wiki 4 zitageuka miezi 6. Wakakubaliana irudi wiki ya 2, kwa sharti la kipimo cha damu siku ya 7 tangu kidonge cha kwanza. Potasiamu ya siku hiyo ilisoma 4.8, kreatinini 101. HbA1c itarudiwa baada ya miezi 3, na isipozidi 8 hataongezewa dawa ya pili ya kisukari.